Sura ya Sita: Siku Waliposubu Kengele

Mkate ulikuwa bado juu ya meza ya polisi, umekauka mpaka ungeweza kupigia msumari. Ulikuwa mkate wa pete, wenye mbegu za mpopi, wa aina inayouzwa na kila mwanamke mwenye kapu katika soko la Medyansk. Mpelelezi wa mahakama, Inokenti Pavlovich Tumanov, aliugeuza kwa ncha ya kalamu, akautazama ukingo wake uliosukwa kama ukili, akaurudisha ulipokuwa.

"Huo ndio utakaommaliza," alisema Sajini Yermolai Fomich Chubarov, mtu wa masharubu mengi na mashaka machache. "Mwanamke anamuua baba mkwe wake, halafu anakwenda sokoni kujinunulia mkate! Mimi hata maji yasingepita kooni."

"Lakini hakuula. Ulikutwa mzima mfukoni mwa aproni yake."

"Basi alikuwa anautunza wa chai, mheshimiwa."

Tumanov hakucheka. Alikuwa amehamishwa kutoka Tambov majira ya baridi yaliyopita, na mpaka sasa mji ule wa wasubu kengele, wanaoyeyusha shaba na kuimimina kalibuni, ulikuwa umempa kesi za ulevi na wizi wa farasi tu. Hii ilikuwa kesi ya kwanza yenye maiti. Nikandr Yegorich Shubin, fundi wa kalibu katika kiwanda cha kengele cha Zaborin, alikutwa Alhamisi asubuhi kwenye shimo la udongo nje ya mji. Alikuwa amefukiwa hadi kiunoni, uso juu, na jeraha kwenye paji la uso. Kando yake palikuwa na koleo la nyumbani kwake, na kando ya koleo alikaa Glafira, mke wa mwanawe aliye jeshini, kucha zimemng'oka, kimya.

Mtaa mzima ulijua kwamba mkwe na baba mkwe hawaivi chungu kimoja. Glafira alitaka kurudi kwao kijijini mpaka mumewe amalize utumishi, mzee akamkatalia, na maneno yalikuwa yakisikika hadi barabarani. Chubarov alikuwa amekwisha kuandika kila kitu. Msafara wa wafungwa wa kwenda Novgorod ungepita kesho asubuhi, na kilichobakia ni saini ya mpelelezi. Akitia saini, Glafira angetembea na msafara huo, na baada ya Novgorod kulikuwa na Siberia na kazi ngumu.

"Daktari amekuta udongo kooni mwa marehemu," alisema Tumanov. "Maana yake alipofunikwa alikuwa bado anavuta pumzi. Lile pigo la koleo halikumuua."

"Basi alimsukuma, ukingo ukamporomokea, akammalizia na koleo. Ni yale yale."

"Au alikuwa anamfukua."

"Peke yake?" Chubarov alikunja uso. "Mwenye kumfukua mtu huita watu, mheshimiwa. Soko liko karibu. Na mimi Jumatano hiyo nilikuwa pale pale sokoni toka asubuhi mpaka jioni. Hakuja mtu kuomba msaada. Nimewahoji wote, wamekula kiapo wote."

Tumanov alichukua kofia yake, akaomba ufunguo wa mahabusu.

Glafira alisimama alipomwona. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mikono mikubwa, sasa imefungwa vitambaa. Alieleza yale yale aliyoyaeleza mwanzo, bila kuongeza wala kupunguza, na hilo Tumanov alilitia akilini.

"Jumatano nilimpelekea supu ya kabichi, bwana mkubwa. Alikwenda kuchota udongo wa kuzibia mdomo wa tanuri, maana udongo wa mtu mwingine hauamini. Nikakuta ukingo umeanguka wote. Theluji ilikuwa imeyeyuka, ardhi imelowa. Mkono wake ulikuwa nje, mpaka hapa." Alionyesha kiwiko. "Vidole vinacheza."

"Ukafanya nini?"

"Nilichimba kwa mikono. Haikufaa. Nikakimbilia kiwandani, lango limefungwa, nikagonga mpaka nikachoka. Ndani wanaimba sala, hawafungui. Nikakimbilia sokoni. Nikapiga kelele."

"Maneno gani hasa? Niambie kama ulivyoyasema."

"Nilisema, 'Nikandr Yegorich amefunikwa na udongo shimoni! Mkono wake uko nje, vidole vinacheza! Njooni na makoleo!'"

"Wakasemaje?"

Alimtazama. "Walicheka, bwana mkubwa. Wote. Yule mama wa mikate akanitia mkate mfukoni, akanipigapiga begani. Sijui kwa nini. Nimekaa humu najiuliza, sijui kwa nini. Nikapitia nyumbani nikachukua koleo, nikarudi peke yangu."

"Na lile jeraha?"

"Nilikuwa nachimba kwa haraka, likampata. Alikuwa keshakufa, au bado. Hilo ndilo linaloniua mimi, kwamba sijui."

"Wewe si mzaliwa wa hapa."

"Hapana. Natoka Yazhelovka. Nililetwa hapa baada ya mavuno."

Hadithi hiyo ilikuwa na ubaya mmoja, nayo ni kwamba haikuingia akilini. Soko zima haliwezi kumcheka mtu anayelilia roho ya mtu. Tumanov alikuwa amewaona waongo wengi, na kwa kawaida mwongo hutunga kitu kinachoaminika. Huyu alikuwa akijinyonga kwa hadithi ambayo hata mtoto angeikataa, na alikuwa hataki kuibadilisha.

Sokoni, mama wa mikate hakuwa wa kutafutwa. Solomonida Karpovna alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mikate yake ya pete ilikuwa imetungwa kwenye kamba shingoni kama shanga. Tumanov aliitazama. Mikate ya wanawake wengine ilikuwa na ukingo laini. Ya kwake peke yake ilikuwa imesukwa.

"Solomonida Karpovna, Jumatano ile Glafira Shubina alikuja hapa kuomba msaada?"

"Hakuja mtu kuomba msaada, baba yangu."

"Ulimpa mkate?"

"Mkate? Mimi nauza, sigawi." Alijifanyia ishara ya msalaba bila kuulizwa. "Muulize mtu yeyote. Muulize Yermolai Fomich, huyo hapo nyuma yako."

Chubarov alitikisa kichwa kuthibitisha. Tumanov aliwauliza muuza samaki, fundi viatu na mke wa shemasi. Wote walijibu jibu moja, kwa maneno karibu yale yale, na wote walitazama chini. Mke wa shemasi alianza kulia katikati ya jibu, akasema ni mafua.

Walipokuwa wanatoka sokoni, Chubarov alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda karata.

"Nilikwambia, mheshimiwa. Mwachie Novgorod huyo. Anasubu kengele tu."

Tumanov alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni. Kila mtu aliutumia. Mwenye kupiga chuku anasubu kengele, mwenye kuzua habari za jirani anasubu kengele. Hata yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuuandika kwenye ripoti. Alipiga hatua chache, akapunguza mwendo.

"Yermolai Fomich, msemo huo umetoka wapi?"

"Msemo gani?"

"Huo wa kusubu kengele. Mimi siku zote nilidhani ni kwa sababu kengele ina ulimi na haina akili."

Chubarov aliangua kicheko mpaka farasi wa jirani akageuka. "Huko Tambov labda! Hapa si msemo, hapa ni kazi. Siku shaba inapoyeyushwa, lazima uongo utembee mjini. Mkubwa, wa kushangaza. Bila uongo kengele inatoka na sauti ya sufuria. Ninyi mmelichukua neno tu, mkaiacha kazi yenyewe huku kwetu."

"Nani husema huo uongo?"

"Anauanzisha bwana wa kiwanda. Halafu kila mtu anauchukua, anautia chumvi, anampa mwenzake. Ukimfikia mtu, haulizi kama ni kweli. Kila mtu anajua wanasubu."

"Na Jumatano ile walikuwa wanasubu."

"Si ndiyo! Kengele ya kanisa kuu. Moshi wa tanuri ulionekana hadi ng'ambo ya ziwa." Chubarov alitabasamu kwa kumbukumbu, kisha tabasamu likamtoka ghafla, akaanza kujishughulisha na kifungo cha koti.

Tumanov hakumwuliza zaidi. Alishika njia ya kiwandani.

Savvati Lukich Zaborin alimpokea uani, mikono imejaa masizi. Kengele mpya ilikuwa bado imefukiwa ardhini ndani ya kalibu yake, inapoa taratibu, na wafanyakazi walikuwa wakizungumza kwa sauti ndogo kana kwamba kuna mgonjwa. Chai ililetwa. Zaborin aliinywa kutoka kwenye kisahani, na kipande cha sukari katikati ya meno.

"Nimeambiwa siku ya kusubu mnatoa uongo," alisema Tumanov.

"Baba alikuwa akitoa, na babu pia. Zamani ilikuwa lugha ya humu kiwandani tu. Msimamizi akisema 'kesho tunasubu', kila mtu alijua kuna kuchochea tanuri na kuna kuchochea mji. Wengine wanakwambia jicho baya hufuata uongo, likaiacha shaba. Babu yangu alisema sauti ya kengele hufika pale uongo wake ulipofika. Mimi sijui ipi ni ya kweli. Najua tu kwamba mwaka tuliposahau, kengele ilipasuka."

"Safari hii mlitoa upi?"

Zaborin alicheka kidogo. "Kwamba mke wa gavana amejifungua ndama wawili, mmoja anaongea Kifaransa. Nilimpa shemasi asubuhi, kabla tu ya kufunga lango. Ulikwenda vizuri sana."

"Na lango likishafungwa?"

"Halifunguliwi mpaka shaba iingie kalibuni. Hata mfalme mwenyewe agonge. Hewa ikiingia vibaya, kazi yote imekwenda na maji."

"Mtu aligonga."

"Huenda. Tulikuwa kwenye sala, na tanuri linanguruma. Nikandr alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma kufuata udongo. Tukamngoja, hakurudi, Prokhor, msaidizi wake, akaziba kwa udongo uliokuwepo." Aliweka kisahani chini. "Kama unataka kuniuliza kuhusu Prokhor kupata nafasi yake, Prokhor hakubanduka tanurini. Nilikuwa naye bega kwa bega."

Hilo Tumanov alikuwa amekusudia kuliuliza, na sasa hakulihitaji tena. "Savvati Lukich, siku hiyo uongo wa ndama ulikuwa peke yake?"

Mfanyakazi mmoja aliyekuwa karibu alichukua ndoo tupu, akaenda zake.

"Kulikuwa na mwingine," alisema Zaborin hatimaye, kwa sauti ya chini. "Jioni, tulipofungua lango, niliukuta umelishinda soko, ndama wangu hata hawatajwi. Nilikasirika. Sisi hatuzui juu ya watu wetu wenyewe, ni mwiko. Nilitaka nijue nani ameutunga."

"Ulikuwa unasemaje?"

"Muulize mtungaji. Mimi silitamki jambo hilo karibu na shaba ambayo haijapoa. Tumekubaliana, bwana mpelelezi. Mji mzima umekubaliana."

"Mmekubaliana nini?"

"Kutoutaja," alisema Zaborin, na akajifanyia ishara ya msalaba.

Njiani kurudi sokoni Chubarov alitembea nyuma, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Tumanov alimsogelea Solomonida Karpovna, akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaketi mbele ya kapu lake. Safari hii hakumwuliza habari za Glafira.

"Jumatano mlipokuwa mnasubu, uongo wa kengele ulikuwa upi?"

"Wa ndama, baba yangu. Wa mke wa gavana."

"Na wa pili?"

Mikono ya mwanamke ilikamata kamba ya mikate.

"Sitamwandikia mtu yeyote adhabu kwa ajili ya uongo wa kengele," alisema Tumanov. "Nataka tu kuusikia kama ulivyosemwa."

"Tumemuua sisi," alisema Solomonida, na machozi yakamwagika. "Tumemuua kwa ndimi zetu, Mungu atusamehe. Tulisema, na kesho yake ikawa! Mimi peke yangu niliwaambia watu wasiohesabika. Nikaongeza kwamba ule mkono unaaga watu, unaomba tumbaku. Fundi viatu akaongeza kwamba unahesabu rozari. Tulicheka, baba yangu, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alhamisi wanamleta juu ya mkokoteni, kama tulivyosema, kafunikwa na udongo. Nani angethubutu kufungua mdomo? Padri akijua, kengele haiwekwi wakfu. Tukasema tutie ulimi puani, tumwombee."

"Mkono gani?"

"Mkono wa Nikandr. Kwamba Nikandr Yegorich amefunikwa na udongo shimoni, mkono wake uko nje, vidole vinacheza."

Tumanov aliyaandika maneno hayo, akayasoma polepole kwa sauti, naye akaitikia kwamba ndiyo hayo.

"Ulianzia kwa nani?"

"Kwa Glafira. Alikuja mbio, kitambaa kimemtoka kichwani, udongo mpaka mabegani, analia machozi ya kweli kabisa. Sisi tumezaliwa hapa, hakuna anayeweza kulia vile. Nikasema, tazameni mgeni huyu, ametushinda wenyeji! Mwenye uongo mzuri kuliko wote tunampa mkate, ni desturi yetu. Nikamtilia mfukoni."

"Kwa hiyo alikuja, na alisema."

"Alikuja kusubu, hakuja kuomba msaada. Hilo nimeliapia na sikuapa uongo."

"Solomonida Karpovna," alisema Tumanov, na aliongea taratibu, kwa sababu alimwonea huruma, "hamkumuua kwa maneno. Haikuwa kweli kesho yake. Ilikuwa kweli pale pale, alipokuwa anawaambia."

Mwanamke alimtazama. Kisha akageuka kuelekea barabara ya shimo la udongo, ambayo ilionekana vizuri kutoka pale alipokaa kila siku, na ambayo haikuwa ndefu.

"Mkono ulikuwa unacheza," alisema. "Kwa hiyo alikuwa…"

"Ndiyo."

Alivua kamba ya mikate shingoni, akaiweka chini kwenye matope. Muuza samaki aliyekuwa akisikiliza aliondoka bila kufunga meza yake.

Tumanov aligeuka. Chubarov alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, masharubu yamemlegea.

"Na wewe ulikuwa sokoni toka asubuhi mpaka jioni, Yermolai Fomich."

"Nilikuwepo."

"Alikufikia?"

"Alinishika mkono wa koti." Sajini alitazama mkono wake wa koti, kana kwamba udongo bado upo. "Alinivuta, mheshimiwa. Nikamwambia, 'Glafira, mwongezee pembe mzee, sauti itatoka tamu zaidi.' Nilimwambia hivyo. Watu walicheka sana."

"Alhamisi ulipoiona maiti, hukukumbuka?"

"Nilikumbuka. Nilidhani kama wao. Kwamba uongo umetupata." Aliizungusha kofia mkononi. "Na kama uongo umetupata, basi yeye ndiye aliyeuleta. Nilimwandikia kesi kwa moyo mmoja."

"Sasa utaandika upya, kwa mkono wako. Anza na pale alipokushika koti, na usiache hata neno moja, hata hilo la pembe. Halafu utamwandika Solomonida na wengine wote, na kila mmoja aeleze alichosikia. Msafara wa kesho utapita bila Glafira."

"Nitafukuzwa kazi."

"Huenda," alisema Tumanov.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa alipofungua mlango wa mahabusu mwenyewe. Glafira aliinuka tena, kama alivyoinuka asubuhi. Tumanov alimwambia yuko huru, kwamba watu wote wameeleza jinsi alivyoomba msaada, na kwamba daktari ataandika kuwa baba mkwe wake aliuawa na udongo wala si koleo. Msichana alisikiliza yote hayo bila kusogea.

"Walikuwa wamenisikia?"

"Walikusikia wote."

"Sasa mbona walicheka?"

Akamweleza. Alimweleza habari ya tanuri na ya lango, na ya uongo unaotumwa mjini ili sauti ya kengele ifike mbali, na msemo ambao nchi nzima inautumia bila kuuliza ulikotoka. Katika kazi yake alikuwa amewasomea watu hukumu nzito, na hakuna iliyompa tabu kama maelezo yale. Glafira alimkatiza mara moja tu, kuuliza kama Nikandr Yegorich mwenyewe alikuwa anaijua desturi hiyo. Tumanov alisema kwamba bila shaka aliijua, alikuwa mzaliwa wa Medyansk.

"Basi alijua hawatakuja," alisema. "Kule chini. Alijua ni siku gani."

Tumanov alimrudishia vitu vyake kutoka mezani, kitambaa cha kichwa, bakuli la supu, aproni, na cha mwisho ule mkate wa pete, kwa sababu sheria inataka kila kitu kirudishwe kwa mwenyewe. Glafira aliushika kwa mikono yake iliyofungwa, akaugeuza.

"Na huu ulikuwa wa nini?"

"Wa sifa," alisema Tumanov. "Kwamba hakuna aliyedanganya vizuri kama wewe."

Aliutazama muda mrefu. Halafu akauweka mezani, juu ya karatasi za Chubarov, akajifunga kitambaa chake, akatoka nje. Alipofika kwenye ngazi alisimama, kushoto kukiwa na mji na kulia barabara ya Yazhelovka, akashika ya kulia.